Mahali Sauti za Duksi Zinapofika

Siku niliyoripoti kazini Garissa, bosi wangu hakunipa kiti. Alinipa kofia. Alikuwa Afisa wa Afya ya Umma wa Wilaya, mtu mrefu wa bara, suruali ya kaki imepigwa pasi ikasimama, na mezani kwake hapakuwa na kitu ila kikombe kilichofunikwa kwa kisahani. Aliisoma barua yangu ya kuajiriwa, akanitazama mimi msichana wa Kitaita niliyeshuka basi na viatu vya kisigino, akaguna.

"Viatu hivyo ni vya harusi," alisema. "Afisa wa afya anatembea. Ukiketi wewe, na nzi wanaketi nawe. Kesho nataka kukuona na makubazi ya ngozi, leso kichwani, na kofia hii juu ya leso."

Nilinuna usiku kucha. Kesho yake saa nne asubuhi jua lilikuwa limekwisha kunifundisha adabu, na kofia ile niliivaa mpaka ikatoboka.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoingia kazi yetu sasa, mnaopiga picha kila choo kwa simu na kuituma makao makuu kabla hamjakinusa. Sisi tulianza kwa kunusa. Watu wa kule humwita afisa wa afya ya umma "bwana afya", na mimi, mwanamke mzima, niliitwa Bwana Afya tangu siku hiyo mpaka siku ya kustaafu. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha. Baadaye niliacha, maana jina lilikuwa limenikaa vizuri kuliko ile kofia.

Kazi yenyewe ilikuwa kukagua mikahawa, machinjio, visima na vyoo, na kuandika notisi ya kero. Hiyo ni karatasi inayomwambia mwenye mali kwamba jambo fulani kwake linahatarisha afya ya watu, naye alirekebishe kabla ya kupelekwa mahakamani. Bosi alinifunza kuiandika kwa ufupi na kuipeleka kwa heshima. "Salimia kwanza," alikuwa akisema. "Uliza habari ya watoto, ya mbuzi, ya mvua. Mtu akishakujibu habari ya mbuzi wake hawezi tena kukutupia jiwe." Nimekagua mikahawa ya Garissa miaka mingi na sijatupiwa jiwe hata moja, ingawa maneno mengine niliyotupiwa yalikuwa na uzito wake.

Yeye ndiye aliyenitafutia chumba. Nyumba ilikuwa ya mjane mmoja aliyeitwa Khadra, na bula nzima (huko mtaa huitwa bula) ilimwita Eddo Khadra, yaani Shangazi Khadra. Alikuwa mweusi tititi, mwembamba, na sauti ya kuita ngamia ng'ambo ya mto. Alipaza sauti kwa sababu sikio lake la kushoto lilikufa kwa homa utotoni, na la kulia lilikuwa likimfuata mwenzake polepole. Ukitaka akuelewe, ulisimama mbele yake akaona midomo. Jioni ya kwanza aliniletea chupa ya chai ya maziwa yenye iliki, tangawizi na sukari ya kufanya meno yalie.

"Kunywa, abaayo," akaniambia, maana yake dada. "Wewe nakonda hivi, serikali hakuna chakula?"

Tokea siku hiyo tukawa watu wa nyumba moja. Nilimsomea barua za hospitali, naye alinifunza Kisomali cha sokoni na matusi ya kiasi cha kujilinda.

Sasa sikilizeni kazi ya Eddo Khadra, kwa kuwa ndiyo habari yenyewe. Alikuwa akiuza buuri, tumbaku iliyosagwa na kuchanganywa na magadi, ambayo mtu huiweka ndani ya mdomo wa chini akainyonya polepole huku anatema. Alikuwa na meza ndefu ya mbao, mizani ndogo, na vijikaratasi vya kufungia. Meza hiyo ilikuwa kwenye kona ya ua wa shule ya msingi, na upande wa pili wa ua huo huo ilikuwapo duksi, chuo cha watoto wadogo wanaosoma Kurani kwa mbao za kuandikia. Kona ile ilikuwa ya marehemu mumewe. Alifia palepale, ameketi kwenye meza, mchana kweupe, na wateja wakidhani amesinzia. Eddo Khadra alimaliza eda akaenda kuketi alipoketi mumewe, akalea watoto wake kwa kona hiyo, kisha wajukuu. Ukimuuliza nyumbani ni wapi, hakukuonyesha nyumba. Alikuonyesha kona.

Zama hizo hakuna aliyekuwa na neno na tumbaku. Kile kikombe cha bosi kilichofunikwa kisahani, nilikuja kujua, kilikuwa cha majivu ya sigara. Alivuta huku akitusomesha juu ya hewa safi.

Kisha sheria ya kudhibiti tumbaku ikaja kutoka Nairobi. Ilikataza kuvuta sigara mahali pa watu wengi. Ilikataza kuuza sigara moja moja, ikataka pakiti iwe na onyo la afya kwa Kiswahili na Kiingereza, na ikakataza katakata kumuuzia mtoto. Bosi wetu alituita wote akaisoma kifungu kwa kifungu, na alipofika kwenye ofisi za serikali akaiweka karatasi chini. Alikiinua kikombe chake, akaenda nacho bombani, akakiosha kwa mkono wake mwenyewe, akarudi, akaagiza kimiminiwe chai. "Tuendelee," akasema. Siku zile alikuwa mkali kama pilipili, maskini, lakini sikumwona tena na sigara. Mpaka leo nikisikia mtu anasema wakubwa hawafuati sheria namkumbuka yeye na kikombe chake.

Tukaletewa mabango ya karatasi, sigara iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Gundi hatukuwa nayo, tukapika uji mzito wa unga tukayabandika mji mzima, ofisi ya chifu, stendi, soko. Tukalala tumeridhika. Asubuhi hapakuwa na bango hata moja. Mbuzi wa Garissa walikuwa wameyala yote pamoja na uji wake, na mmoja nilimkuta stendi akitafuna kipande cha mwisho akinitazama bila haya. Tukaleta mabango ya bati. Hayo yakabaki, na wazee wakapenda kuketi chini ya lile la ofisi ya chifu kwa kuwa lilitoa kivuli chembamba. Waliketi hapo kutwa na buuri mdomoni. Nilipowauliza kama wanaona kilichoandikwa, mzee mmoja alitema pembeni kwa adabu akanijibu, "Tunaona, Bwana Afya. Sisi hatufuti."

Ni kweli, hawakuvuta. Walitafuna. Tulikuwa tumeleta vita vya moshi mahali pasipo na moshi.

Muda si muda nikahamishwa kwenda Takaba, kisha Elwak, na sitaki kuwachosha na mavumbi ya njiani. Takaba nilikuwa afisa wa afya peke yangu, na rafiki yangu mkubwa alikuwa mwenye duka mmoja asiyejua kusoma Kiswahili. Nilimwambia pakiti ya sigara ina onyo. Akaniuliza linasemaje. Nikamfasiria kwa Kisomali changu cha kuokota. Alishtuka, akaniambia hawezi kuuza kitu chenye maneno mazito hivyo bila mnunuzi kuambiwa. Basi kila mtu aliyetaka pakiti alisomewa kwanza: hii itakuharibu mapafu, itakuua, umesikia? Nimesikia. Haya, lete hela. Wateja walikasirika mno. Mkaguzi mmoja kutoka Nairobi alikuja akakuta onyo hilo likitolewa, akaniuliza ni mradi wa nani.

Elwak nilikuwa chini ya Msimamizi wa Afya ya Mpakani, mama mmoja mnene mwenye kicheko, aliyejua kutazama lori likija akakwambia kama lina mchele au lina sigara zilizovushwa bila onyo wala ushuru. Tulizitwaa, tukaziorodhesha, zikateketezwa kwa amri ya mahakama. "Kazi hii haina shukrani," aliniambia tukitazama moshi, sote wawili tumeziba pua. "Yule utakayemwokoa hatajua kwamba uliwahi kumwokoa. Ukitaka asante, kauze ndizi." Nilimpenda sana mama yule.

Ugatuzi ulipokuja na afya ikawa kazi ya kaunti, nikarudishwa Garissa nishike dawati la kudhibiti tumbaku. Nilirudi kwenye chumba kilekile. Eddo Khadra alinipokea kwa kelele, akanipima mikono kama mbuzi wa kununua, akatangaza kwamba Elwak walinilisha vizuri. Sikio la kulia sasa lilikuwa karibu limekwenda. Ulilazimika kumkaribia hasa, umpazie sauti. Kona yake ilikuwa palepale, meza ileile.

Na hapo ndipo mwalimu mkuu wa shule ile aliponiita nikatazame ukuta. Nyuma ya darasa la tano, chini ya madirisha, ukuta uliopakwa chokaa nyeupe ulikuwa na madoa ya kahawia toka mwanzo hadi mwisho. Mate ya buuri. Watoto walikuwa wakitemea nje ya dirisha mwalimu akigeukia ubao.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye kona. "Eddo, unawauzia watoto?"

Alinitazama midomo, akafikiri ameona vibaya, nikarudia. Macho yakamtoka. "Mimi? Wallahi, mtoto ya mtu mimi hauzii! Mtoto hii nakuja ametumwa na awowe yake. Mkono ya mtoto ni mkono ya mzee. Wewe unataka mimi nikatae mkono ya mzee?"

Awowe ni babu. Hapo ndipo nilipoiona shida yote kwa mkupuo. Kule mzee haendi dukani mwenyewe. Ana mjukuu. Anamtuma, na mjukuu akitumwa hakuna muuzaji wa kumrudisha mikono mitupu, maana atakuwa amemtukana babu. Sheria ya Nairobi ilimwona mtoto ananunua tumbaku. Bula ilimwona babu. Na kati ya meza na babu, mtoto alifungua kijikaratasi akajichotea ushuru wake.

Mkurugenzi wa Afya wa Kaunti, kijana mzaliwa wa hapo hapo aliyesomea mbali, alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama," aliniambia, "sheria ya nchi haikututaja sisi kwa jina. Hatuna budi kujitaja sisi wenyewe." Akaniagiza tuandike rasimu ya kanuni za kaunti zinazotaja tumbaku ya kutafuna na umbali wa kuiuza kutoka shule na duksi, kisha tuipeleke kwa wananchi. Hatua hiyo huitwa ushirikishwaji wa umma: rasimu husomwa mbele ya watu, nao huikosoa kabla haijaenda bunge la kaunti. Vijana wengi huiona kama kero ya kutafutia sahihi. Mimi nimejifunza zaidi pale kuliko chuoni.

Tulikutana ndani ya darasa lile la tano. Wazee waliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, bakora zimelala njiani. Aliyewaongoza ni Mzee Bare, mwenye ndevu za hina, aliyewahi kuwa na ngamia wengi na sasa alikuwa na maneno mengi. Nilisoma kifungu cha watoto. Wote wakaitikia kwa moyo mmoja, mtoto asiuziwe, haramu kabisa, nani huyo anayewauzia watoto, apigwe faini! Mzee Bare alipiga bakora chini kukubali. Kisha akajipapasa kifuani, akakuta kikopo chake cha buuri kimekwisha, akageukia dirishani.

"Warya!" akamwita mjukuu wake aliyekuwa akicheza nje. "Kimbia kwa Khadra, niletee ya kawaida!"

Niliweka karatasi yangu chini. Mkurugenzi akatazama dari. Wazee wakatazamana, halafu mmoja wao nyuma akaanza kucheka kwa pua, na darasa zima likaangua kicheko, Mzee Bare mwenyewe akicheka mpaka hina ikalowa machozi. Walipotulia, akafuta uso. "Basi ni sisi," akasema. "Khadra hana kosa. Anayewauzia watoto ni sisi."

Ikakatwa palepale kwamba mwenye kutaka buuri aende kwa miguu yake mwenyewe. Nawaambieni, magoti ya wazee yalifanya kazi ambayo mabango yangu hayakuifanya. Wengine walipunguza kwa uvivu tu, na mmoja aliniapia ameacha kabisa kwa sababu ya nyonga.

Ila kifungu cha umbali kilibaki. Rasimu ilisema mita. Mzee Bare hakuzitaka.

"Mita ni ya nani?" aliuliza, na kama wengi wa kule, "p" mara nyingine ilimgeukia "b". "Wewe ukienda likizo Taita, nani atabima? Sisi tunajua kubima kwa sikio. Ngamia ikienda malishoni na kengele shingoni, ukisikia kengele, ngamia haijapotea, bado iko kwako. Hii nayo ni hivyo. Ukisikia watoto ya duksi wakisoma, wewe uko kwa watoto. Mahali hapo usiuze. Nenda mbele mpaka usisikie."

Sijapata kusikia kanuni nzuri kuliko hiyo, na nimesoma nyingi. Wanasheria wa kaunti waliandika mita zao, kama inavyotakiwa na mahakama, sikuwalaumu. Lakini bula ilishika ya Mzee Bare, na ndiyo iliyofuatwa.

Nilikuwa nimefurahi hata nikasahau. Ni jioni, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nilipokumbuka kona ya nani iko kwenye ua wa duksi.

Eddo Khadra aliambiwa na wazee. Alisikiliza kwa macho, kisha akajibu jibu lililoichekesha bula nzima kwa wiki. "Mnasema mahali unasikia watoto usiuze. Mimi sisikii. Wallahi billahi sisikii kitu. Basi hapa ni sawa."

Na kwa kweli asingesikia hata ukuta ukimwangukia. Wengine wakasema ameshinda, apewe. Wengine wakasema lazima mtu mwenye masikio aketi pale pale mezani watoto wakisoma, aseme ukweli. Lakini nani? Wa ukoo wake wangesema hawasikii, na wa ukoo mwingine wangesema wanasikia hata usiku wakiwa wamelala. Mzee Bare akaninyooshea bakora. "Bwana Afya. Huyu hana ukoo hapa."

"Analala nyumba ya Khadra!" mtu akapinga. "Anakunywa chai yake!"

"Ndiyo maana nataka masikio yake," Mzee Bare akasema.

Kesho yake asubuhi niliketi kwenye kigoda kando ya ile meza. Wazee walisimama mbali kidogo. Eddo Khadra aliketi mbele yangu, mikono imelala mapajani, ananitazama usoni, kwa kuwa ndiko alikokuwa akisubiri kusikia. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa anatabasamu. Alijua mimi ni wake.

Watoto wakaanza. Ua ulikuwa wa miiba tu, hauzuii kitu. Walisoma kwa pamoja, sauti nyembamba zinapanda na kushuka, na mmoja wao alikuwa nyuma ya wenzake neno zima, anawakimbilia. Nilisikia hata pumzi zao. Nilitaka kusema uongo, tena nilitaka kwa moyo wote. Neno moja tu na yule mama angebaki alipofia mumewe, na nani angeumia? Halafu nikaukumbuka ule ukuta wa darasa la tano.

Nilimsogelea ili anione vizuri. "Nasikia, Eddo."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki kidogo, kama hajaelewa, kisha likazimika. Alikunja vijikaratasi vyake kimoja kimoja, akachukua mizani, na wajukuu wakaja kubeba meza. Alipopita mbele yangu alisema, bila kupaza sauti kwa mara ya kwanza tangu nimjue, "Haya, serikali."

Aliniita serikali kwa muda mrefu sana. Chai haikukatika, hilo hawezi, ni aibu kumnyima mtu wa nyumbani. Chupa ilikuwa mlangoni kwangu kila asubuhi kama kawaida. Lakini haikuwa na sukari. Kama hamjakaa na Wasomali hamjui tusi hilo. Nilikunywa chai chungu ile kila siku, na siku nyingine nililia nayo, nasema bila kuona haya. Kuna wakati nilifikiri kuomba uhamisho.

Yeye alikwenda kuketi karibu na soko la mifugo, nje kabisa, mahali pa vumbi na mavi ya mbuzi. Wafugaji wa kutoka Sangailu na kwingineko walimjua kwa kelele zake. Alilalamika kuhusu inzi, kuhusu vumbi, kuhusu ngamia mmoja aliyekula kitambaa cha meza. Alilalamika kwa kila mtu isipokuwa mimi. Kisha asubuhi moja nikafungua chupa, nikamimina, nikaonja, na kulikuwa na sukari. Kidogo tu, ya kijiko cha mtoto. Nilitoka na kikombe mpaka uani. Alikuwa anafagia. Hakunitazama. "Sukari imebanda bei," akasema, akaendelea kufagia.

Nilistaafu nikiwa bado kwenye dawati lile. Walinipa saa ya ukutani na hotuba ndefu zilizonitaja kwa cheo ambacho sikuwahi kupewa nikiwa kazini. Nilirudi nyumbani Taita nikakuta ukungu na migomba, nikawa nalala na blanketi mbili kwa sababu damu yangu ilikwisha kuwa ya Garissa. Wajukuu huniuliza nilifanya nini miaka yote hiyo. Najibu nilikuwa nanusa vyoo na kusikiliza watoto. Wanadhani mzaha.

Nikifikiria kazi hii sasa, sioni kwamba tulimaliza tumbaku. Hatukuimaliza. Wanaotaka bado wanaipata, na siku hizi kuna vitu vipya vyenye ladha ya matunda ambavyo mimi hata sijui vinatiwa wapi. Hayo ni yenu, pambaneni nayo. Ila nawaomba jambo moja. Sheria ikifika kwenu kutoka juu, msiibandike tu kwa uji wa unga. Ketini na watu mpaka waiseme kwa maneno yao, hata kama itawagharimu chai.

Mwaka huu nilialikwa harusi ya mjukuu wa Eddo Khadra. Nilikuta mji umepanuka, nyumba za mawe zimefika mpaka soko la mifugo na kulipita. Yeye amezeeka, mgongo umepinda, masikio yote mawili yamekufa kabisa. Alinishika uso kwa mikono miwili akanibusu kwa kelele. Harusi ilipotulia kesho yake asubuhi, alinivuta mkono mpaka kwenye meza yake. Alinikalisha kwenye kigoda, akanimiminia chai. Tamu ajabu, tamu ya kuumiza.

"Abaayo," akaniambia, "wanasema kuna duksi mpya imefunguliwa nyuma ya nyumba ile. Mimi nauliza watu, mnasikia watoto? Wote nasema hatusikii, Eddo, kaa. Hawa wote ni wateja yangu. Siwaamini." Akaketi mbele yangu, akaweka mikono mapajani, akanikazia macho. "Nimekungoja wewe. Sikiliza."

Nikaweka kikombe chini. Mbuzi walikuwa wakilia, madalali wakipigishana kelele, pikipiki ikapita. Sikuwa afisa tena. Sikuwa na kofia, wala notisi, wala dawati, na yeye alikuwa mzee wa kuhurumiwa. Kelele zikapungua kidogo, upepo ukageuka. Zikaja kwa mbali sauti nyembamba, zinapanda na kushuka, na mmoja nyuma ya wenzake anawakimbilia.

"Nasikia, Eddo."

"Wallahi?"

"Wallahi, nasikia."

Aliachia kicheko kilichowageuza madalali wote. Akakunja vijikaratasi, akavitia kwenye mkoba na mizani yake, akasimama huku anashika kiuno. "Haya, serikali," akasema. "Shika ubande huo."

Nikashika upande wangu wa meza, yeye akashika wake, tukaanza kwenda polepole, vikongwe wawili katikati ya mbuzi. Kila tulipopiga hatua chache tulitua, akanitazama midomo. Nilisikiliza, nikamwambia bado, tukainua tena.